Sifuri ya huku na sifuri ya nyumbani

Mwaka wa kumi na mbili huu niko Ulaya, na kazi yangu chuoni ni kutengeneza mbinu za takwimu za kuchora ramani za magonjwa. Jamaa wakipiga simu huniuliza huku na nyumbani kunatofautianaje. Kwa upande wa kazi, tofauti naiona kwenye namba moja: sifuri.

Wanafunzi wetu huku huanza na data maarufu za saratani ya midomo huko Scotland. Wilaya ni 56, na mbili kati yake hazina mgonjwa hata mmoja. Sifuri hizo tunaziamini, kwa sababu ipo sajili ya saratani inayofuatilia wagonjwa. Shida inayobaki ni ya hesabu: pale penye watu wachache, akiongezeka mgonjwa mmoja tu, kiwango kinaruka. Modeli waliyoitoa wanatakwimu Besag, York na Mollié mwaka 1991 iliitibu shida hiyo kwa kuifanya kila wilaya iazime taarifa kwa majirani zake. Naipenda sana modeli hii. Tasnifu yangu yote imesimama juu yake.

Nikaipeleka nyumbani, kwenye takwimu za malaria. Ramani ikatoka nzuri, bonde zima kijani, yaani malaria ni kidogo. Nilipokwenda likizo nikapita kwenye zahanati iliyo katikati ya kijani hicho. Muuguzi akanifungulia rejista ya mwezi niliouliza. Safu ya homa ilikuwa imejaa mpaka pembeni; safu ya waliothibitishwa kwa kipimo ilikuwa na vistari vya kalamu ya bluu, toka juu mpaka chini.

"Dada, vipimo viliisha tarehe 4," akaniambia. "Tulitibu kwa kuangalia dalili. Ungekuwa wewe ungeandika nini hapo?"

Vistari vile vilipofika wilayani viliingizwa kwenye kompyuta kama sifuri. Modeli yangu nayo, kwa ustadi ule ule ninaousifia darasani, ikawagawia majirani. Bonde lilikuwa kijani kwa kukosa vipimo.

Sisemi huku hakuna faida. Nina muda wa kufikiri, nina kompyuta, na tangu INLA, mbinu ya kukokotoa modeli za aina hii kwa makadirio ya haraka, ilipochapishwa mwaka 2009, modeli nyingi zilizokuwa zikikesha sasa huisha kwa dakika. Wenzangu waliobaki nyumbani wanafundisha kutwa, utafiti wanaufanya usiku. Lakini wao wanajua namba inavyozaliwa, na ujuzi huo haupewi heshima. Makala yenye fomula mpya hupokelewa vizuri. Aliyekaa miezi akichambua kwa nini fomu hazikujazwa anawekwa kwenye shukrani, chini kabisa. Hili linaniuma, maana mimi mwenyewe nimepandishwa cheo kwa utaratibu huo huo. Naamini mtu huyo anastahili kuwa mwandishi mwenza, na swali la utafiti lianzie kwake, kabla ombi la fedha halijaandikwa huku.

Siku hizi modeli yangu ina ngazi mbili. Ya kwanza inakadiria kama mwezi ule kituo kilikuwa na uwezo wa kupima. Ya pili ndiyo inayozungumzia ugonjwa. Safu ya akiba ya vipimo, ambayo zamani niliifuta wakati wa kusafisha data, ndiyo ninayoifungua kwanza.