Kesi Yangu Imesikilizwa Bila Mimi

Wazo lenyewe lilikuwa hili: mtu anaishtaki saa yake ya kuamsha kwa kosa la kumvurugia usingizi. Saa inapandishwa kizimbani. Shahidi mkuu wa mashtaka ni mto wa kulalia, na kila akiulizwa swali anajibu kwa sauti laini kiasi kwamba karani anapiga miayo, askari anaegemea ukuta, hakimu anasinzia. Mwisho mahakama nzima inakoroma isipokuwa mshtakiwa. Yeye, kwa kuwa kazi ni kazi, anawaamsha wote. Hakimu anashtuka na kumtia hatiani hapo hapo, maana sasa ushahidi kausikia kwa masikio yake.

Nalimwaga lote hadharani kwa sababu halina siri tena. Watu maelfu wameshaliona. Sema hawakuliona kwangu.

Mimi natengeneza vichekesho vifupi vya video. Wafuasi ninao, si haba, ingawa ukiwatoa ndugu wa damu na wakwe wanaobaki ni wa kuhesabu. Wazo hili liliponijia nikajua ndilo litakalonitoa, na nikalificha ipasavyo. Faili la skripti nililiita "Orodha ya Madeni", kwa imani kwamba hakuna binadamu atakayelifungua, akichelea kukuta jina lake. Waliojua ni watatu tu: mdogo wangu wa kike, ambaye angekuwa mto, mpiga picha wangu, na fundi wa mavazi. Wote niliwaapisha.

Kwa nini sikurekodi siku ile ile? Swali hili huulizwa kwa sauti fulani ya huruma inayonikera. Jibu ni vazi. Sikutaka saa ya kubabaisha. Nilitaka saa haswa: duara la sponji limeshikiliwa na waya kuanzia magotini hadi juu ya kichwa, uso wangu umefichwa nyuma ya namba na nachungulia kwenye tundu dogo chini ya kumi na mbili. Juu, bakuli mbili za bati, katikati yake nyundo. Mikono yangu inaingia ndani kabisa na kushika vipini viwili vinavyozungusha mishale. Nyundo, kwa kuwa mikono ina shughuli, ilifungwa kwa kamba iliyoteremka hadi goti la kulia. Ukinyanyua goti, kengele zinalia. Fundi aliniambia hajawahi kupewa kazi ya aina hiyo, na nadhani alikuwa ananisifu. Kazi kama hiyo haikimbizwi. Baada ya vazi ilikuja maikrofoni, baada ya maikrofoni taa, kisha nikaona yule askari hajapata sentensi yake.

Vazi likafika jioni moja. Mdogo wangu akanisaidia kuingia, akafunga zipu ya mgongoni, akatoka. Nikabaki mbele ya kioo, nimependeza kupita kiasi. Hapo ndipo simu ilipoanza kutetema kitandani. Ikatetema tena. Ikawa haipumziki. Mikono yangu ilikuwa imeshika saa tatu kasoro dakika kumi, kwa hiyo sikuweza kuichukua, lakini nilijisemea hii si bure, nyota yangu imeanza kung'aa hata kabla sijafanya kitu.

Mdogo wangu akarudi mbio. "Kaka, hongera! Mbona hukuniambia umesharusha? Na mto kacheza nani?"

Akaniwekea simu yake mbele ya tundu. Mahakama. Hakimu. Kizimbani kasimama kijana nisiyemjua, shingoni kaning'iniza kipande cha boksi kwa kamba ya kiatu. Kwenye boksi kachora duara kwa kalamu, duara lenyewe limepinda upande wa nne, na namba tisa kaiandika mara mbili. Kisha akaitwa shahidi. Mto. Nasema mto! Saa ningeweza kusamehe, lakini na mto anayesinzisha watu?

Watu walikuwa wanacheka hadi wanaomba maji.

Nikataka kukaa kitako, waya ukakataa. Nikataka kutoka nje nipate hewa, mlango ukawa mwembamba kuliko mimi. Nikasema basi nitembee-tembee humu humu chumbani, kama wafanyavyo watu wenye mawazo mazito, na kila nikinyanyua mguu wa kulia: kring! Jaribu kuomboleza katika hali hiyo. Nilitaka kutamka maneno ya uchungu, ya mtu aliyedhulumiwa, lakini kila nikikaribia penye uchungu nilijikuta nimepiga hatua. "Jasho langu lote..." Kring! "Mtu anakaa, anafikiri..." Kring! Mdogo wangu alikuwa ameshakaa sakafuni anajishika mbavu.

"Nivue," nikamwambia.

Zipu ilikuwa imekula uzi. Akavuta, akasukuma, akaipaka sabuni, wapi. Akapendekeza mkasi, nikakataa katakata. Akaenda kumtafuta fundi, na kabla hajatoka nikamwomba anisomee ujumbe uliokuwa umeingia kutoka kwa mama. Ulikuwa na ile ile klipu, na chini yake maneno haya: "Mwanangu, mtazame kijana huyu alivyobuni. Na wewe jaribu siku moja."

Nikawa nimesimama hapo, saa tatu kasoro dakika kumi, nikifanya upelelezi kichwani. Aliyeuza siri ni nani? Fundi alipofika na koleo nilimhoji akiwa mgongoni kwangu, jambo nisilomshauri mtu mwingine. Alisema yeye tangu mwanzo alidhani anashona gurudumu. Mpiga picha nikampigia simu na kumweka kiti moto. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Kaka, nikwambie ukweli? Ile hadithi sikuwahi kuielewa. Ningeisimulia vipi?" Jibu hilo liliniumiza kuliko wizi wenyewe.

Ikabaki sheria. Dada yangu mkubwa ni mwanasheria, nikamweleza nataka kushtaki.

"Kushtaki kwa kosa gani?"

"Wazo langu."

"Wazo halina hakimiliki," akasema. Akanitajia Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, unaolinda kazi za fasihi na sanaa, na mkataba wa biashara wa 1994 uitwao TRIPS, ambao umeandika waziwazi kwamba kinacholindwa ni namna wazo lilivyoelezwa, si wazo. Mtu yeyote anaruhusiwa kuishtaki saa yake, mradi asinakili maneno yangu. "Hayo maneno yako yameandikwa wapi?"

"Kwenye simu. Faili linaitwa Orodha ya Madeni."

Kimya kirefu. "Na mimi nimo?"

Usiku ule sikulala, na ajabu ni kwamba hata saa haikuhusika. Nilikesha nikiwatafuta wenzangu katika historia, na hamwezi kuamini tulivyo wengi. Mwaka 1922 wasomi wawili wa Marekani, William Ogburn na Dorothy Thomas, walichapisha orodha ya uvumbuzi na ugunduzi 148 uliofikiwa na zaidi ya mtu mmoja, kila mmoja kivyake. Kuna Elisha Gray, ambaye karatasi zake za simu zilifika ofisi ya hataza, yaani ya haki za uvumbuzi, tarehe 14 Februari 1876, siku ile ile zilipofika za Alexander Graham Bell, ambaye ndiye aliyebaki na sifa ya kuvumbua simu. Siku ya wapendanao, na hakuna aliyempenda Gray.

Lakini niliyemkumbatia ni mkemia wa Sweden, Carl Scheele. Oksijeni aliipata kabla ya Joseph Priestley, aliyeipata mwaka 1774 na hakukawia kuitangaza. Kitabu cha Scheele kilikwama kwa mchapishaji hadi 1777. Nilipofika hapo machozi yalinilengalenga. Bila shaka naye alikuwa anasubiri vazi.

Darwin nilimwonea wivu. Muhtasari wa kwanza wa nadharia yake ya jinsi viumbe wanavyobadilika aliuandika mwaka 1842, akaupanua 1844, akauweka kabatini, kisha akatumia miaka 8 kuchunguza vile vijimnyama vinavyoganda kwenye miamba ya bahari na matumbo ya meli. Mwezi Juni 1858 ikamfikia barua ya Alfred Wallace kutoka visiwa vya mbali kule Asia, ndani yake mna wazo lake lote. Angalau wao maandishi yao yalisomwa pamoja, London, tarehe 1 Julai mwaka huo. Mimi yangu nani angeyasoma na nani? Na tuseme ukweli, laiti ningesema nimechelewa kwa sababu ya vijimnyama vya baharini, dada asingenicheka vile.

Kilichonituliza ni watoto wawili wa kuchorwa. Tarehe 12 Machi 1951, magazeti ya Marekani yalianza kutoa katuni za mtoto mtukutu aitwaye Dennis. Siku hiyo hiyo, Uingereza, likaingia sokoni jarida la watoto lenye mtoto mwingine mtukutu, naye Dennis, na jina la utani lile lile. Wachoraji wao hawakuwa wakijuana. Hakuna kilichoibwa, na watoto wote wawili waliendelea kusumbua watu kwa miongo kadhaa, kila mmoja kwao. Nikajiuliza: saa ya kuamsha iko karibu na kila kitanda, na kila aliyewahi kuamshwa nayo amewahi kuitakia mabaya. Huyo kijana angehitaji kuniibia ili iweje? Hapo nikatulia. Isipokuwa kwa habari ya mto. Mto bado nina mashaka nao.

Asubuhi nikamwandikia. Ujumbe wa kwanza ulikuwa mrefu na mkali, una mpaka neno "historia itatuhukumu". Mdogo wangu akausoma, akaufuta, akanirudishia simu bila kusema kitu. Niliotuma ulikuwa huu: "Ndugu yangu, hongera. Mimi nina vazi la saa."

Akajibu papo hapo: "La nini?"

Nikamtumia picha. Akanyamaza. Kisha: "Kengele zinalia?"

"Zinalia."

"Kaka, hilo boksi langu watu wamenitukana sana. Naomba tuonane."

Kumbe yeye aliwahi kutanguliwa na mwenzake kwenye kichekesho cha mwavuli, na tangu hapo wazo likimwingia asubuhi, jioni liko hewani, hata namba tisa ziwe mbili. Tukakubaliana kutengeneza sehemu ya pili: saa inakata rufaa. Kuhusu kwa nini saa imekuwa pana mara tatu ya ilivyokuwa, mdogo wangu alilimaliza kwa sentensi moja, akiwa ndani ya foronya: "Gerezani amenenepa."

Sikupita mlangoni, kwa hiyo rufaa ilisikilizwa uani. Hakimu alipotaka kusinzia nilipiga hatua moja tu mbele, kring, akaanguka na kiti, jambo ambalo halikuwemo kwenye skripti yangu na nimeliandika baadaye ili lionekane lilikuwemo. Tukarusha, kwake na kwangu. Maoni ya kwanza kuingia kwangu yalisema, "Acha kuiga, buni cha kwako." La pili likasema saa ya boksi ilikuwa na hisia zaidi.

Jioni mama akanitumia klipu. "Huyu mnene naye anajitahidi," aliandika, "lakini yule wa kwanza alikuwa na kipaji."

"Mama, huyo mnene ni mimi."

Akakaa muda mrefu. Niliona anaandika, anafuta, anaandika tena.

"Ndiyo maana," akasema. "Nilijiuliza, hii saa mbona inatembea kama baba yako?"