Vilinifika Kiunoni Tu

Niweke mambo sawa kabla hadithi haijafika mbali. Sikufukiwa na vitambaa. Vilinifika kiunoni tu, na kimoja kikatua kichwani. Huyo shoga yangu anayewatangazia watu kwamba "tulibaki tunaona mkono" ametia chumvi, na ana sababu zake. Nitazifikia, msinikimbize.

Mnanijua, nashona mablanketi ya viraka. Au tuseme nanunua vitambaa vya kushonea mablanketi ya viraka. Hizo ni kazi mbili, na kwenye kununua sina mpinzani.

Miaka yote mali yangu ilikaa kwenye masanduku ya plastiki chini ya kitanda, kwenye mifuko nyuma ya mlango, na ndani ya begi moja la safari ambalo humu ndani watu walishaacha kuuliza lina nini. Mwezi uliopita nikasema basi, imetosha. Nikafunga rafu ukutani. Kila kitambaa nikakizungusha kwenye rula ya inchi 6 kwa 24 ili vyote vitoke na upana mmoja, nikakikunja tena, nikavisimamisha kama vitabu, mkunjo ukitazama nje. Vile vipande vya inchi 18 kwa 22 vikapata droo yao. Nikapanga kwa rangi, kuanzia nyekundu hadi zambarau, nyeupe mwisho kabisa. Dirishani pazia zito, maana jua likipiga kwenye mkunjo linachujisha rangi mstari mzima. Kwenye mbao nikatandika karatasi isiyo na asidi, kwa sababu ubao mtupu ukikaa na pamba muda mrefu unaitia umanjano. Mnaona nilivyosoma? Nilisoma kila kitu isipokuwa kile kikaratasi kilichokuja na rafu.

Kikaratasi kilikuwa na mchoro wa ukuta wa bodi, ulio wazi ndani, na juu yake alama kubwa ya X. Ukuta wangu ndio ule. Skrubu zangu zilikuwa zimeshika vumbi na nia njema.

Halafu kuna hili la uzito, ambalo hakuna aliyeniambia. Yadi moja ya pamba ya viraka, upana inchi 44, ina kama gramu 150. Ukiishika mkononi unaona si kitu. Mimi nina yadi mia mbili na kidogo (hiyo "kidogo" naomba tusiijadili). Hesabu niliipiga jana usiku, goti likiwa kwenye barafu: kilo 30 na ushee. Niliziegemeza kilo 30 kwenye ukuta mtupu, kisha nikaita watu waje kuangalia.

Ndiyo, niliwaita. Kwa simu ya video. Wenzangu wote wa kikundi, kumi na mmoja, na wala hawakuomba. Simu nikaiegemeza kwenye cherehani, nikasimama mbele ya rafu nimevaa vizuri, nikaanza kufundisha.

Sasa twendeni polepole.

Kwanza ulidondoka unga mweupe kwenye bega langu. Nikaupangusa huku nikiendelea kuongea. Nilikuwa naeleza kwamba uzuri wa kusimamisha vitambaa ni kuwa unavuta kimoja bila kuvuruga vingine. Nikavuta kimoja, cha njano. Ukutani kikasikika kitu kimesema "tik". Nikacheka kidogo, kama mtu aliyesikia tumbo la mgeni likinguruma. "Tik" ya pili. Rafu ya juu ikainama taratibu, kwa heshima zote, kama inanisalimia.

Hapo mwenye akili angekimbia. Mimi nikaiegemeza begani na kutabasamu.

Niliongea sentensi moja na nusu nikiwa hivyo, nimebeba rafu begani, mkono wa pili ukionyesha mpangilio wa kijani. Mmoja akauliza, "Dada, hiyo rafu imeinama au ni simu yangu?"

Nikamjibu, "Ni simu yako."

Haikupita sekunde. Nyekundu zilitangulia, zikafuata za machungwa, njano, kijani. Jamani, vilianguka kwa mpangilio wa rangi! Nyeupe zikafunga msafara, kama nilivyopanga. Na nyuma ya nyeupe likaja sanduku la plastiki nililokuwa nimelipandisha juu kabisa kwa sababu lilikuwa la vitu vya zamani ambavyo ningevipanga kesho. Mfuniko ukafyatuka hewani, na yaliyomo yakanimwagikia. Kikabaki kitambaa kimoja kimenining'inia usoni.

Kimya. Wanawake kumi na mmoja, hakuna hata aliyekohoa.

Kisha sauti ya shoga yangu, tulivu kabisa: "Huyo ndege namjua."

Wadau, ngoja niwarudishe nyuma miaka mitatu. Aliniazima kitambaa hicho, yadi mbili, ndege wa buluu kwenye nyeupe, nikalinganishe rangi. Chapa ile ilishaacha kutolewa, hakipatikani tena. Baadaye akakiulizia, nikamwambia nilirudisha, na siku hiyo niliamini hivyo kwa moyo wote. Tukakitafuta kwake. Nilipiga magoti nikachungulia chini ya kitanda chake. Nikamfariji. Nikamwambia, kwa mdomo huu huu, "Tatizo lako shoga, huna mpangilio."

Wiki iliyofuata nikaiona pembe ya kile kitambaa cha ndege ndani ya sanduku langu. Nikarudisha mfuniko.

Siku za mwizi ni arobaini, mimi nilipewa miaka mitatu na bado sikujiandaa. Nilijaribu kusema chapa zinafanana. Akaniambia nigeuze ukingo. Kwenye ukingo kulikuwa na tarehe, kwa kalamu, mwandiko wake. Huyu mtu huandika tarehe kwenye kila kitambaa anachonunua. Eti hana mpangilio.

Yaliyobaki ni mafupi. Mlango wa chumba hufungukia ndani na ulikuwa umezibwa. Mwanangu akabisha, "Mama, nimwite baba au unamalizia?" Nilichimba njia dakika arobaini, na simu niliyoisahau kwenye cherehani ilirusha zote.

Leo asubuhi nikampelekea mali yake. Kumbe lile sanduku niliwahi kulifunga likiwa na unyevu, na ndege walikuwa wamebanana na kitambaa chekundu ambacho sikuwahi kukifua. Chekundu kikachuja. Nimekifua mara mbili kwa maji baridi, lakini nusu ya ndege wamebaki waridi. Hakusema kitu. Akachukua futi yake, akapima.

"Hii ni yadi moja na nusu. Nilikupa mbili."

Nikamwambia pamba hurudi ikifuliwa. Na ni kweli hurudi, kwa asilimia tatu hivi hadi tano.

Akakikunja vizuri, akakitia mkobani. "Ikiwa kwako hairudi," akasema, "tunajua."

Hiyo nusu yadi najua ilipo. Nyote niliowashonea mablanketi, tafadhalini, msianze kugeuzageuza.