Saa Sita za Kwenda Tanga

Fundi wangu wa Tabata ana daftari la vipimo, na ndani ya daftari hilo kuna kiuno ambacho si changu. Nilikitaja mwenyewe. Alizungusha futi, akasoma inchi 38, nikamwambia, "Andika 36." Akanitazama juu ya miwani.

"Dada, nguo namshonea nani? Wewe, au kuna mwingine anakuja?"

Nikamweleza kuwa harusi ya mdogo wangu Tanga bado wiki tano, niko kwenye dayati, siku ikifika kiuno nacho kitakuwa kimefika. Akaandika 36. Pembeni akaandika kitu kingine, akafunika kwa mkono.

Dayati ilianza kwa kishindo. Niliacha ugali, wali, chapati, soda na yale maandazi ya saa nne ofisini. Wiki ya kwanza nikatoka kilo 86 hadi 82.6. Kilo tatu na ushee ndani ya siku saba! Nikawatangazia ndugu, jamaa na marafiki. Nikapiga hesabu kwamba kwa mwendo ule nitaingia ukumbini na umbo la kidato cha pili, na mama atalia.

Ilipofika 81.4, mizani ikakaa. Siku tatu, siku kumi, siku kumi na saba: 81.4. Nilibadilisha betri. Niliihamisha kutoka chumbani kwenda jikoni, labda sakafu ya chumbani ina matatizo yake. Nikaipimia mfuko wa unga wa kilo 5, ikasoma 5.0 bila hata kusita. Mizani ilikuwa nzima kabisa, na hilo ndilo lililoniuma.

Kwa sababu nilikuwa sili, jamani. Asubuhi mayai mawili, mchana mchicha chukuchuku, usiku kipande cha ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, na limao. Ng'onda nilimwona ndiye mkombozi: hana mafuta, anashibisha, na bei yake naiweza. Wakati mwingine nilijipa vipande viwili kujipongeza. Jioni nikitoka kazini natembea kwa miguu kutoka Ubungo hadi Tabata, usiku nasikiliza tumbo likinguruma mpaka adhana ya alfajiri. Na bado pete haitoki kidoleni, na nikivua soksi jioni zinaacha mchoro mguuni utadhani nimefungwa kamba.

Aliyegundua ugonjwa alikuwa jirani yangu. Nitamwita Mama Geti, kwa sababu muda wote yuko getini. Alininyooshea mguu barazani kwake, akanibonyeza ugoko kama anachagua parachichi sokoni.

"Umeona? Kidole kimeacha bonde. Shoga, hayo si mafuta. Hayo ni maji!"

Akaingia ndani, akatoka na kidonge kidogo cheupe ndani ya kipande cha karatasi. Cha mama mkwe wake, mgonjwa wa moyo na presha, aliyeandikiwa na daktari. "Mama akimeza hiki, hatumuoni sebuleni. Ni yeye na choo, choo na yeye." Akanipa na chupa ya rozela aliyoichemsha mpaka imekuwa nzito kama wino. Mimi nina digrii, naomba mjue hilo. Nikapokea kwa mikono miwili.

Mpango ulikuwa nimeze nikishafika Tanga, Ijumaa jioni, karibu na choo cha shangazi. Lakini Alhamisi usiku nikajaribu gauni. Zipu ilipanda vizuri tu hadi katikati ya mgongo, ikagoma, kama daladala iliyoona trafiki mbele. Mume wangu akavuta, akaweka goti, akavuta tena. Akasema, "Mke wangu, hapa panataka watu wawili." Sikulala.

Ndiyo maana kesho yake alfajiri, stendi ya Mbezi, saa 12 kasoro robo, nilitoa kile kidonge kwenye pochi, nikakisukuma kwa rozela ya Mama Geti, chupa nzima. Basi likaondoka saa 12 na nusu. Siti yangu ilikuwa ya dirishani. Kati yangu na njia alikaa bibi mmoja na kapu lenye jogoo hai.

Kibaha nilihisi kitu kama salamu ya mbali. Tulipoikaribia Mlandizi, haikuwa salamu tena.

"Konda, samahani, naomba kuchimba dawa."

"Mama, si tumetoka stendi sasa hivi? Choo kilikuwa shilingi mia tatu tu."

"Nitakupa elfu tatu."

Wakasimama kwenye sheli. Bibi akanyanyuka na jogoo, nikapita, nikaenda, nikarudi, bibi akanyanyuka tena na jogoo. Sikuwa nimekaa vizuri dakika ishirini nikaanza kuhesabu nguzo za umeme. Chalinze nilishuka kabla basi halijasimama sawasawa. Nikarudi nikiwa mwepesi, nina amani, nikawaza pengine kidonge kimemaliza kazi yake. Rozela ikanijibu hata Lugoba hatujafika.

Sasa baada ya Msata hakuna sheli wala stendi, kuna pori na mbuzi. Konda aliponiona nimesimama hakuuliza kitu, aligonga bodi tu. Dereva akaegesha pembeni huku akilaani kwa sauti. Vichaka vilikuwa vifupi, majira ya kiangazi, vya kumficha sungura labda. Bibi wa jogoo ndiye aliyeniokoa. Alishuka na kanga yake, akaita kina mama wawili, wakaishika kila mmoja kona yake kama pazia la jukwaani, nikaingia nyuma.

Upepo ukavuma. Kanga ikajaa kama tanga la jahazi, maandishi yakageukia basi, na kutoka siti za nyuma kijana mmoja akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira:

"JAPO SIPATI TAMAA SIKATI!"

Basi zima likaangua kicheko. Utingo alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Na mimi siwezi kunyanyuka, siwezi kukimbia, siwezi hata kucheka, maana kucheka kulikuwa na hatari zake.

Tangu hapo nikawa mali ya umma. Nikahamishiwa siti ya mbele, jirani na mlango, na kila abiria akawa daktari. Bibi akaninong'oneza, "Mwanangu, umepima sukari?" Mama mwenye ushungi akataka kujua mimba ina miezi mingapi. Mzee mmoja akasema hii si kawaida, kuna mtu nimemkosea. Mbele kidogo ya daraja la Wami trafiki wa tochi akatupiga mkono kwa mwendo kasi, abiria wote wakaguna, mimi nikawa wa kwanza mlangoni. Sijawahi kumpenda trafiki kama nilivyompenda yule. Nilimpungia mkono kutoka kichakani.

Kati ya Mkata na Segera msuli wa mguu ukakaza, nikapiga yowe, jogoo akaitikia. Muheza wauza machungwa walipozunguka madirisha, konda akatoa kichwa akawaambia, "Huyu wa mbele msimuuzie chochote chenye maji!"

Tukaingia Tanga saa 8 kasoro. Safari ya saa sita ilikuwa imekula saa saba na robo, na abiria waliagana nami kwa jina langu jipya: Mama Japo Sipati.

Shangazi yangu ni nesi mstaafu. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, mbona midomo imekauka?" Nikamsimulia nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliniketisha, akanipima presha, akaweka mbele yangu dafu, ndizi mbivu na uji wenye chumvi kidogo. Akauliza kidonge kilikuwaje, nikaeleza, akataja jina lake bila kufikiri.

"Kile humezwa, ndani ya saa moja kimeanza, na kinafanya kazi kwa saa sita. Basi la Tanga ni saa ngapi?"

"Sita, shangazi."

"Mlipanga vizuri."

Ndipo akanipa vidonge vyangu, vya maneno. Kwamba dawa ile hutoa maji pamoja na potasiamu na sodiamu, ndiyo maana mguu ulikaza, na moyo nao ni msuli, ungeweza kukaza pasipo na bibi wala kanga. Kwamba ni ya watu wanaofuatiliwa na daktari, haigusi hata gramu moja ya mafuta. Kisha akaanza kunihoji kuhusu dayati. Nilipofika kwenye ng'onda akanyoosha mkono nisimame.

"Kila siku?"

"Kila usiku. Siku nyingine vipande viwili."

"Mtoto huyu! Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, chakula chote pamoja. Wewe ulikuwa unalamba pwani nzima, halafu unashangaa bahari inakufuata mwilini?"

Na zile kilo tatu za wiki ya kwanza nilizozitangaza? Nazo nyingi zilikuwa maji. Alisema wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa pamoja na maji, kila gramu moja na maji yake gramu tatu hivi; ukiacha ugali ghafla, akiba ile inatumika na maji yake yanashuka nayo. Mafuta yalikuwa yanaondoka pole pole nyuma yake, hata zile siku kumi na saba, ila mahali pake palikuwa pakijazwa na maji: ya ng'onda, ya kutolala, ya mwili uliochoka kwa mwendo na njaa, na ya siku zangu za mwezi zilizokuwa zinakaribia. Nilinyamaza. Jioni ile mizani yake ilisoma 79.9 na, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumamosi zipu ikapanda hadi juu. Nilikuwa sipumui sana, lakini nani anapumua harusini? Pilau ikaja, nyama ikaja, achari ikaja, na mwili uliokuwa umenyang'anywa kila kitu ukapokea kama mdai aliyelipwa. Saa tatu usiku taarabu ikawa imekolea, nikaenda kumtunza mwimbaji. Kumtunza mwimbaji, kama mnavyojua, kunataka mkono uwe juu na noti ionekane. Nikainua. Mgongoni kukasikika sauti kama ya mtu anayechana kitambaa dukani, na upepo wa baharini ukaniingia hadi kiunoni.

Shangazi alinifuata jukwaani na kanga. Sikuthubutu kusoma imeandikwa nini.

Jumapili asubuhi: 82.8. Nikakaa juu ya kitanda nikalia. Shangazi akaleta kalamu.

"Kilo moja ya mafuta ni kalori 7,700 hivi. Kuongeza kilo 2.9 za mafuta, ungekula zaidi ya kalori 22,000 juu ya mahitaji yako. Tuseme sahani ya pilau ni kalori 700, hizo ni sahani thelathini na zaidi. Ulikula ngapi?"

"Mbili."

Akanitazama.

"Tatu na nusu."

"Basi hayo ni maji tena. Nenda nyumbani, kula chakula cha mtu, acha ng'onda, lala."

Kwenye basi la kurudi, siti ya mlangoni bila kuomba, nilisoma habari za vijana 36 wa Marekani waliojitolea kupunguziwa chakula kwa utafiti wa Ancel Keys kule Minnesota, mwaka 1944 hadi 1945. Walikonda vibaya, na bado miguu yao ilivimba maji. Nilifarijika kidogo, ingawa hao angalau hawakupanda basi.

Nilitii. Ugali ukarudi, kiasi. Matembezi nikayapunguza, chumvi nikaipima kwa kijiko, nikalala kwa muda wa saa nane kama mtoto. Siku zangu zikaja zikaisha. Alhamisi ya wiki iliyofuata, usiku, bila kidonge wala rozela, niliamka mara nne kwenda chooni. Mume wangu akauliza kama tunasafiri. Asubuhi mizani ikasoma 78.7, na pete ikatoka yenyewe nikiosha vyombo, ikaniangukia kwenye sufuria.

Nililipeleka gauni kwa fundi abadilishe zipu. Akanipima: 36. Akafungua daftari kunionyesha kile alichokiandika pembeni siku ile: "Acha mshono mpana." Kisha akauliza harusi ni lini. Nikamwambia imepita.

Wakati wa kurudi nikampita Mama Geti, yuko getini. Akanigeuza kushoto, akanigeuza kulia, akapiga makofi.

"Si nilikwambia? Kidonge changu hicho! Wewe umekuwa tangazo, shoga. Yule mama wa nyumba ya tatu amekuona juzi, amekuja mwenyewe kuniomba. Nimempa viwili, anasafiri kesho alfajiri."

"Anasafiri kwenda wapi?"

"Mwanza," akasema. "Kwa basi."

Nikamwachia gauni mikononi, nikakimbia kuelekea nyumba ya tatu.