Kote Nimo, Popote Simo

Kila mwaka hospitalini ninakofanya kazi hapa Uingereza tunaletewa fomu: jinsia, asili, ulemavu, umri, dini. Nayaweka matiki yangu: mwanamke, Mwafrika mweusi, mwenye ulemavu wa kusikia. Ripoti ikitoka, najitafuta. Ukurasa huu una wanawake, ule una weusi, mwingine wenye ulemavu. Kote nimo, popote simo.

Ndugu zangu wa Kenya, msidhani huku wametuacha mbali. Sheria yetu ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Katiba ya 2010 ikaleta kanuni kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili, na wenye ulemavu wawe angalau asilimia 5, katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Huku hakuna viwango vikali namna hiyo. Lakini kasoro ni ileile. Taasisi inaweza kutimiza kila kiwango peke yake na bado ikakosa hata mwanamke mmoja mwenye ulemavu kutoka jamii ndogo: nafasi za wanawake zimeenda kwa makabila makubwa, za wenye ulemavu zimeenda kwa wanaume.

Mwanasheria wa Marekani Kimberlé Crenshaw aliliandika jambo hili mwaka 1989, akichambua kesi ya wanawake weusi dhidi ya kampuni ya magari ya General Motors. Kampuni iliajiri wanawake, lakini weupe. Iliajiri weusi, lakini wanaume. Mahakama ikakataa kuwasikiliza kama wanawake weusi.

Niliuliza hospitalini kwetu kwa nini hawaunganishi safu za jinsia, asili na ulemavu katika jedwali moja. Nikajibiwa kwamba watu kama mimi ni wachache mno, nitatambulika. Hofu hiyo naiheshimu. Ila hospitali za umma za England zina wafanyakazi zaidi ya milioni moja, na zinakusanya takwimu za asili kwa kipimo kimoja tangu 2015, za ulemavu tangu 2019. Wodini kwetu niko peke yangu. Zikijumlishwa hospitali zote, tunahesabika bila yeyote kufichuka. Hapo ndipo ingejulikana kama muuguzi anayevaa kifaa cha kusikia, anayetegemea kusoma midomo ilhali wenzake wamevaa barakoa, anapandishwa cheo kama wenzake.

Nyumbani Kenya ugumu mkubwa ni kuaminiana. Fomu ikiuliza kabila, kalamu inasita. Mwenzangu mmoja aliiacha nafasi hiyo wazi, bosi akamjazia kwa kulitazama jina lake tu. Baada ya ghasia za kikabila zilizofuata uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, nani amlaumu kwa kunyamaza? Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inaliweka kabila kwenye taarifa nyeti. Basi majibu yasipitie kwa bosi kabisa. Yaende kwa chombo huru, maswali yawe yaleyale kwa wahudumu wa afya wa kaunti zote 47, kisha litolewe jedwali moja lenye jinsia, jamii na ulemavu pamoja, na vyeo pembeni.