Kompyuta ya Ofisi Isitoke Mlangoni na Pasipoti za Wageni

Kila masika, wageni wakipungua na ofisi za utalii za Arusha zikipata nafasi ya kupumua, ndipo kompyuta za zamani zinapotolewa. Nyingine anauziwa mfanyakazi kwa kukatwa kidogo kidogo kwenye mshahara, nyingine anachukua fundi kama sehemu ya malipo yake, nyingine zinapelekwa shule ya kijijini kwa mkurugenzi. Ni desturi nzuri na naiunga mkono kabisa. Ninachokipinga, na nitaendelea kukipinga, ni mashine hizo kutoka na kila kitu kilichowahi kuwekwa ndani yake.

Hebu fikirieni ofisi moja tu ya kupandisha wageni Kilimanjaro inakusanya nini. Nakala za pasipoti. Bima za safari. Fomu za afya, maana mpanda mlima huulizwa kama ana pumu, presha au ugonjwa wa moyo, na anatumia dawa gani. Kwenye folda nyingine wamo waongozaji na wapagazi wenyewe: vitambulisho vya NIDA, namba za simu, malipo, akaunti za benki. Mgeni walau ana ubalozi wa kumsemea. Mpagazi wa kutoka Machame ambaye kitambulisho chake kimetumiwa na mtu asiyemjua kuombea mkopo wa mtandaoni, nani atamsemea?

Ukiuliza, utajibiwa, “Iko safi hiyo kaka, nishafomati.” Fundi hadanganyi, amefomati kweli. Tatizo ni kile ambacho fomati ya haraka inakifanya. Kompyuta hutunza orodha ya faili zote na mahali kila moja ilipo kwenye diski. Ukifuta faili, au ukifomati haraka haraka, kinachoguswa ni ile orodha. Ni sawa na karani wa masjala anayekata majina kwenye rejista huku majalada yenyewe akiyaacha rafuni: atakayeingia na kupekua rafu moja baada ya nyingine atayasoma yote. Na upekuzi huo hauhitaji utaalamu mkubwa. PhotoRec ni programu ya bure, nayo haijali orodha hata kidogo. Inapita diski yote ikitafuta mianzo ya faili inazozijua. Picha ya JPEG huanza na baiti FF D8. Ikikutana nazo inajua kuna picha hapo, inaichomoa. Kijana yeyote wa chuo mwenye laptop na jioni moja ya nafasi anaweza. Kupiga Windows upya nako hakuokoi, kwa sababu Windows mpya hukalia sehemu tu ya diski na kwingine kote kukabaki kama kulivyokuwa.

Jambo hili limepimwa zamani. Watafiti Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wakiwa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, walikusanya diski 158 za mitumba kati ya Novemba 2000 na Agosti 2002. Zilizowaka zilikuwa 129. Zilizokuwa zimefutwa ipasavyo zilikuwa 12 tu. Kwenye zilizobaki walikuta barua za watu, taarifa za matibabu, na namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Mwaka 2009 ikaja zamu ya Afrika: wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walinunua diski kwa dola 40 huko Tema, Ghana, wakakuta ndani yake nyaraka za mikataba kati ya serikali ya Marekani na kampuni ya silaha ya Northrop Grumman. Diski ile ilifika Ghana kwa njia ileile ya mitumba inayotuletea sisi laptop za Dubai na Uingereza. Kwa hiyo ukinunua mashine ya aina hiyo, nayo ifute kabla hujaanza kuitumia, na usianze kuchungulia ya wenyewe.

Kuna mashine moja ambayo karibu kila mtu anaisahau, na ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi: fotokopi. Zile ndogo za mezani mara nyingi hazina diski, lakini zile kubwa za kusimama sakafuni, zinazoskani, kuchapa na kutoa nakala, nyingi zina diski ndani, na nakala ya kila kilichopita kwenye kioo inaweza kubaki humo. Mwaka 2010 kituo cha televisheni cha CBS kilinunua fotokopi kuukuu New Jersey, na moja ilikuwa imetoka kwenye shirika la bima ya afya liitwalo Affinity Health Plan. Ndani mlikuwa na kumbukumbu za matibabu. Shirika lenyewe lilikadiria kwamba watu wanaofikia 344,579 huenda waliguswa, na mwaka 2013 likakubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.2. Sasa tazameni stesheneri zetu, zile zilizo jirani na mahakama, benki na ofisi za ardhi. Hati za viwanja, vyeti vya ndoa, hukumu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyote vinapita kwenye kioo kimoja kutwa nzima. Mwenye stesheneri akiiuza mashine hiyo, anauza na kumbukumbu za mtaa mzima bila kujua. Nyingi za mashine hizo zina sehemu ya kufuta diski kwenye menyu ya usalama. Anayekuja kuitengeneza aulizwe, na aifanye kazi hiyo mwenye mashine akiwa amesimama pale.

Wapo waliokwisha kuingiwa na hofu, nao wamekimbilia upande wa pili. Ofisi zao zina stoo iliyojaa kompyuta hadi darini kwa sababu hakuna anayethubutu kuzitoa, au wameamuru diski zote zitwangwe nyundo. Naielewa hofu yao, lakini inaumiza kuona mashine nzima zinaoza Njiro wakati kuna shule wilayani Arumeru ambako somo la kompyuta linafundishwa ubaoni. Hofu hii ina chanzo. Mwaka 1996 Peter Gutmann, mtaalamu wa New Zealand, aliandika kuhusu kufuta diski kwa kuandika data nyingine juu ya ile ya zamani mara 35, na tangu hapo watu wameshika kwamba pungufu ya hapo ni bure. Gutmann mwenyewe alikuja kueleza kwamba hawakumwelewa: mara zile 35 zilijumuisha aina mbalimbali za diski za enzi hizo, na hakuna diski moja inayozihitaji zote. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotoka Desemba 2014, ulisema kwa diski za kisasa za sumaku kuandika juu mara moja kwa kawaida kunatosha kuzuia data isirudishwe hata kwa vifaa vya maabara.

Mara moja tu. Diski ya GB 500 inayoandika MB 100 kwa sekunde inamalizika kwa saa moja na nusu hivi. Ukifuata habari ya mara 35, utangoja zaidi ya siku mbili, umeme ukatike katikati, ukate tamaa, na mashine irudi stoo.

Kazi yenyewe haina uchawi. Nwipe, programu ya bure iliyotokana na DBAN ya zamani, huwekwa kwenye flashi kupitia ShredOS, mfumo mdogo unaowasha kompyuta bila kutumia Windows. Unawasha kompyuta kwa flashi hiyo, unachagua diski, unaagiza iandike sifuri mara moja na kuhakiki mwishoni. Chomoa kwanza diski zote za nje, maana programu hii haikuonei huruma. Kama ni diski ya pili au ya nje, Windows yenyewe inaweza: tangu Vista, ukiondoa tiki kwenye fomati ya haraka, inaandika sifuri kwenye sehemu yote unayoifomati. Ukimaliza, iendeshe PhotoRec juu yake. Ikitoka mikono mitupu, umemaliza. Na wanaoogopa kwamba Windows itapotea, Windows 10 na 11 zilizokuwa na leseni ya kidijitali huitambua bodi ya mashine ileile zikipigwa upya na kuunganishwa kwenye intaneti.

SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu badala ya sahani za sumaku, ni habari nyingine, na hapa mafundi wengi wanateleza. SSD haiandiki pale unapodhani. Hugawa kazi kwenye chembe zake ili zisichakae, na ina akiba ya nafasi ambayo kompyuta haiioni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha mwaka 2011 kwamba mbinu za kufuta faili mojamoja kwenye SSD zote ziliacha sehemu ya data, na diski moja iliripoti kwamba imejifuta ilhali kila kitu kilikuwa bado kimo. Kwa hiyo tumia amri ya kujifuta iliyojengwa ndani ya SSD, kupitia programu ya mtengenezaji wake au BIOS, ile menyu ya mashine inayofunguka kabla Windows haijawaka, kisha hakiki. Bora zaidi, washa BitLocker, sehemu ya Windows inayofunga data ya diski kwa ufunguo wa siri, siku ile ile kompyuta inapoingia ofisini. Ufunguo ukishaharibiwa, kilichobaki kwenye diski hakisomeki.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na asizikalie muda mrefu kuliko zinavyohitajika. Sioni mkurugenzi atajiteteaje kwamba pasipoti ya mgeni wa miaka sita iliyopita ilikutwa kwenye laptop iliyonunuliwa soko la Kilombero, Arusha. Fundi hakupewa pasipoti ile, alipewa yeye. Kufuta kufanyike ndani ya ofisi, kabla mashine haijaguswa na mtu wa nje, na namba ya diski iandikwe pamoja na tarehe na jina la aliyefuta. Na fundi akiitwa kuja kuifanya kazi hiyo alipwe. Leo tunamlipa kupiga Windows halafu tunataka kufuta kuwe nyongeza ya bure, ndiyo maana anafomati haraka akimbilie kwa mteja mwingine.

Inabaki diski iliyokufa, isiyoonekana kabisa kwenye mashine yoyote. Hiyo huwezi kuiandikia, lakini mwenye vifaa anaweza kuifufua, kwa hiyo usiitupe wala usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu ilivyo. Fungua kifuniko, sahani za ndani uzitoboe au uzivunje, na uvae miwani ya kazi, kwa sababu nyingi za laptop ni za kioo na hupasuka vipande vidogo. Ikiwa ni SSD, hakikisha kila chipu imevunjika. Kasha lililobaki muuzie wa vyuma chakavu.