Vyumba sita, mita moja

Nyumba ninayopanga huku Kisauni, Mombasa, ni ile ya Kiswahili: koridoo katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, jiko na bafu viko uani. Mita ya stima ni moja tu, na mlio wake tokeni zikikaribia kuisha twaujua hata usingizini.

Serikali ya Kenya imeweka nafuu ya bei ya stima kwa wanyonge. Tangu Aprili 2023, anayetumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa. Akivuka hapo bei inapanda, na akivuka 100 inapanda tena. Sasa njoo tupige hesabu za kwetu. Tuseme kila chumba kinakula uniti 18: taa, kuchaji simu, tivi ya jioni. Kila mmoja akipimwa peke yake anastahili nafuu, tena amebakisha. Lakini mita haihesabu watu. 18 mara 6 ni 108. Basi mama wa chumba cha tatu, muuza mahamri, ananunua uniti kwa bei ya mwenye jumba Nyali anayelala na kiyoyozi.

Na huyo mama ndiye anayenifikirisha zaidi. Saa kumi alfajiri yuko uani, apepea jiko la makaa kwa kipande cha boksi, macho mekundu, mjukuu mgongoni. Siku moja nikamuuliza, Mama, mbona usihamie gesi? Akacheka. "Mwanangu, makaa nanunua ya leo. Gesi waniuzia ya mwezi mzima."

Pale ndipo nilipoelewa kwa nini habari za ushuru wa gesi hazimgusi. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, iliondolewa 2016, ikarudi Julai 2021 kwa asilimia 16, ikashushwa hadi 8 mwaka uliofuata, ikaondolewa tena 2023. Imekwenda na kurudi kama feri ya Likoni, na wakati wote huo yeye yuko palepale na boksi lake. Kujaza mtungi mdogo wa kilo 6 kwataka zaidi ya elfu moja mkononi kwa mpigo, na kabla ya hapo uwe na mtungi wenyewe. Ushuru ukishuka anafaidi aliyekwisha kuwa na mtungi.

Mombasa tunajua moshi unavyoua. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kule Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwapulizia watu sumu ya madini ya risasi. Wakaishika Katiba, Kifungu cha 42, haki ya mazingira safi, wakashinda mahakamani 2020, wakapokonywa ushindi kwenye rufaa, hadi Mahakama ya Juu ilipowarudishia fidia yao ya shilingi bilioni 1.3 Desemba 2024. Nawavulia kofia. Lakini kule kulikuwa na bomba la moshi la kunyooshea kidole. Moshi wa uani kwetu utamshtaki nani?

Mimi nataka vitu viwili. Nafuu ya stima ihesabu kaya zilizo nyuma ya mita: mwenye nyumba aandikishe vyumba vyake, na kile kikomo cha 30 kizidishwe kwa idadi yake. Wapo wanaosema kila chumba kifungiwe mita ndogo. Nimeishi nyumba ya hivyo, na bei ya uniti alikuwa akiipanga mwenye nyumba kama apangavyo kodi. Pili, gesi iuzwe kwa kipimo cha mfuko wa mchuuzi, ya shilingi hamsini au mia, kwa mtungi salama wenye mita yake. Pesa za umma ziende kwenye mtungi huo wa kwanza kabla ya kitu kingine.

Jana baada ya Isha tokeni zikaisha tena. Mtoto wa chumba cha nne akapita mlango kwa mlango akikusanya mia mia. Mimi nilitoa mia mbili bila kuulizwa. Nina friji, na najua ninavyotazamwa.