Akili: Hisabati, Kompyuta au Fizikia?

Ni kipi kinachoeleza akili vizuri zaidi: hisabati, ukokotoaji wa kompyuta au fizikia? Nianze na mfano. Mwaka 1952 wanasayansi wawili Waingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walichapisha milinganyo inayoeleza jinsi neva ya ngisi inavyopitisha ishara. Ngisi alichaguliwa kwa sababu ana neva moja nene mno, hata waya wa kupimia umeme unaweza kupenya ndani yake. Walionyesha kwamba sodiamu humiminika ndani ya seli, kisha potasiamu hutoka nje, na hapo ndipo mpigo wa umeme unapozaliwa na kuzimika. Kompyuta ya Cambridge haikupatikana wakati huo, kwa hiyo Huxley alikokotoa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Umbo la mpigo alilolipata likakaribiana sana na lile lililopimwa maabara.

Katika kazi hiyo moja fizikia, hisabati na ukokotoaji vyote vimo. Hisabati naiweka kando mapema, maana kila upande unaitumia. Ubishi wenyewe ni kati ya ukokotoaji na fizikia: je, akili ni hatua za hesabu tu, ziendeshwe na chombo chochote, au inategemea mwili wenyewe unaoibeba?

Upande wa ukokotoaji una hoja nzito. Mwaka 1936 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alieleza mashine moja sahili inayoweza kufanya hesabu yoyote iliyopangwa kwa hatua zinazoeleweka. Mwaka 1943 watafiti McCulloch na Pitts wakaonyesha kuwa hata mtandao wa seli za neva, zikirahisishwa, unaweza kufanya kazi za mantiki. Ikiwa kufikiri ni kufuata hatua, basi nyama au silikoni ni mamoja. Leo mashine zinatafsiri lugha na kutambua sura, kwa hiyo anayeibeza hoja hii ana kazi kubwa ya kujieleza.

Mwanafizikia Roger Penrose aliipinga kwa kutumia nadharia ya mwanahisabati Gödel ya mwaka 1931, isemayo kwamba mfumo wa kanuni za hesabu usiojipinga huacha kweli fulani usizoweza kuzithibitisha. Penrose alidai binadamu huona ukweli ambao mashine haiwezi kuuthibitisha. Sikubaliani naye. Hoja yake inahitaji tuamini kwamba fikra za binadamu hazijipingi, na nani kati yetu anaweza kuapa hivyo?

Kinachonivuta upande wa fizikia ni mnyoo. C. elegans ana urefu wa milimita moja hivi, na yule wa jinsia mbili ana seli za neva 302 tu. Ramani ya jinsi zinavyounganishwa ilichapishwa mwaka 1986. Kama akili ingekuwa ni mpangilio wa miunganisho peke yake, mnyoo huyu tungekuwa tumeshamwelewa zamani. Lakini ndani ya mwili wake kuna kemikali zinazosambaa nje ya njia za ramani hiyo na kubadilisha utendaji wa seli. Miunganisho ni ile ile, ila mnyoo mwenye njaa hafanyi anayoyafanya aliyeshiba.

Watetezi wa ukokotoaji watasema kemikali nazo ziingizwe kwenye programu. Sawa, inawezekana. Ila programu haikutuambia kwamba zinahitajika. Tuliambiwa na mwili, baada ya watu kuuchunguza. Nani ajuaye ni mangapi mengine tumeyaacha nje tukidhani ni ya pembeni? Wanaoahidi kuihamishia kwenye kompyuta akili ya mtu, ambaye ubongo wake una seli za neva zipatazo bilioni 86, wamalizane kwanza na hizi 302.